"Alikuwa Nyota wa NBA" Si Sifa ya Kocha wa Chuo

Kila mwaka Machi ikifika mwishoni, vyuo vya Marekani huanza kuachana na makocha wao, na simu yangu haipumziki. Nafundisha vijana kikapu hapa Dar es Salaam. Baadhi yao wana ahadi za ufadhili wa masomo kule, kwa hiyo kocha akiondoka huko Marekani, kuna mzazi Tabata au Mbagala hapati usingizi. Wazazi wananipigia kuuliza nani atachukua nafasi, na vijana wanabishana pembeni ya uwanja mpaka taa zinazimwa. Ubishi huo naupenda, maana ni dalili kwamba watu wanajali. Ila kuna hoja moja ambayo wiki iliyopita pekee nimeisikia mara tatu, na imenichosha: "Kocha, huyu alikuwa nyota NBA. Mtoto atakosaje kujifunza kwake?"

Turudi Barcelona, 1992. Timu ya Marekani iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki, ile iliyoitwa Dream Team, ilikuwa na Clyde Drexler, Chris Mullin na Patrick Ewing. Wote watatu baadaye walikabidhiwa timu za vyuo walivyosoma wenyewe. Drexler alirudi Houston 1998 akakaa misimu miwili: alishinda mechi 19, akapoteza 39. Mullin alirudi St. John's 2015 na kuondoka 2019: alishinda 59, akapoteza 73. Ewing alirudi Georgetown 2017, chuo alichokisaidia kutwaa ubingwa wa 1984, akafukuzwa Machi 2023: alishinda 75, akapoteza 109. Ukijumlisha, magwiji watatu wana ushindi 153 na vipigo 221. Msimu wa 2021-22 Georgetown ilicheza mechi 19 za ligi ya Big East ikapoteza zote 19.

Sasa angalia waliokaa kwenye benchi la timu hiyohiyo ya Barcelona. Kocha mkuu, Chuck Daly, hakuwahi kucheza NBA. Mmoja wa wasaidizi wake, Mike Krzyzewski, alikuwa gadi wa timu ya chuo cha jeshi cha West Point, na NBA hakuigusa hata kwa dakika moja. Alipostaafu 2022 alikuwa ameshinda mechi 1,202 na kukipa chuo cha Duke mataji 5 ya taifa.

Na Houston yenyewe? Mwaka 2014 ilimchukua Kelvin Sampson, ambaye hakucheza NBA, na Aprili 2025 alikuwa kwenye fainali ya ubingwa wa vyuo, akapoteza kwa pointi mbili tu.

Nieleze kwa nini, kwa sababu wazazi wengi hudhani namdharau Ewing. Simdharau hata kidogo. Ewing alikuwa mmoja wa masenta bora waliowahi kuivaa jezi ya New York, na alikaa miaka mingi kama kocha msaidizi NBA. Lakini kujua kufanya jambo na kujua kulimega vipandevipande ili mtoto wa miaka 18 alimeze ni stadi mbili tofauti.

Niliwahi kumwalika mchezaji mstaafu mwenye jina kubwa aje kunisaidia kwenye kambi ya vijana. Dogo mmoja alikuwa anashindwa kumpita beki. Mstaafu akamwambia, "Ukiona mlango, ingia." Dogo akasimama na mpira mkononi, akauliza, "Mlango upi?" Mstaafu akarudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi. Yeye mlango ameuona tangu ana miaka kumi na miwili, na hajawahi kulazimika kujiuliza anauonaje. Ilibidi nimwite dogo pembeni, nisimame mbele yake kama beki, nimwonyeshe: usitazame mikono yangu, tazama miguu. Mguu uliotangulia ndio mlango. Nikitanguliza wa kulia, pita upande huo, kwa sababu mimi lazima nigeuke mwili mzima kwanza ndipo nikufuate. Baada ya majaribio sita alikuwa ananipita. Kumfundisha mtoto ndiyo kazi yenyewe, na haihitaji mtu awe amewahi kudanki mbele ya umati.

Hapo bado sijagusa kazi nyingine za kocha wa chuo. NBA ina mechi 82, chuo kina thelathini na kitu, kwa hiyo kipigo kimoja cha Novemba kinaweza kukunyima nafasi ya mashindano ya Machi, yale yanayotoa bingwa wa vyuo. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, basi. Ndani ya saa hizo una kijana anayefeli hesabu, mwingine amemkumbuka mama yake, na wa tatu ameshaanza kuongea na chuo kingine, maana tangu mfumo wa uhamisho uanze Oktoba 2018 kuhama si kazi tena. Kocha analala kwenye hoteli za barabarani akifuatilia wachezaji wa sekondari, anakaa sebuleni kwa watu kuwashawishi akina bibi. Gwiji aliyezoea kutafutwa anageuka kuwa mtafutaji. Wapo wanaoiweza kazi hiyo, ila wengi hawajawahi hata kuijaribu.

Kusema waliocheza NBA hawafai nako ni uongo. Kevin Ollie alizunguka timu nyingi za NBA bila kuwa nyota, akaja kuipa Connecticut ubingwa 2014. Hubert Davis alifika fainali ya 2022 katika msimu wake wa kwanza North Carolina. Tazama lakini walipopita: Ollie alikaa miaka miwili msaidizi wa Jim Calhoun palepale chuoni, na Davis miaka tisa chini ya Roy Williams. Jina halikuwaepusha na uanagenzi.

Upande wa pili yuko Dusty May. Alipokuwa mwanafunzi Indiana hakuwa hata mchezaji wa timu, alikuwa mmoja wa vijana wanaoandaa mipira na taulo za mazoezi kwa kocha wa chuo hicho, Bob Knight. Mwaka 2023 aliifikisha Florida Atlantic kwenye nne bora. Mwaka uliofuata Michigan ilimchukua badala ya Juwan Howard, mwanachuo wao aliyecheza NBA miaka mingi, ambaye msimu wake wa mwisho uliisha kwa ushindi 8 na vipigo 24. Msimu wa kwanza wa May, Michigan ilishinda 27 na kupoteza 10.

Na wewe Mtanzania unayenibishia, mfano wako uko nyumbani. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza NBA, aliyechaguliwa namba 2 mwaka 2009, alitengenezwa Connecticut na Calhoun huyohuyo, mwalimu aliyeanzia kwenye timu za shule za sekondari. Msimu wake wa kwanza Connecticut, 1986-87, Calhoun alishinda mechi 9 na kupoteza 19. Leo tungekuwa tumeshamfukuza kwenye magrupu ya WhatsApp. Chuo kilimwacha afanye kazi, akakiletea mataji matatu.

Hilo linagusa dhana nyingine, kwamba kocha asiyeshinda ndani ya miaka miwili hawezi tena kushinda. Krzyzewski alifika Duke 1980 akitoka kwenye msimu wa ushindi 9 na vipigo 17, na katika miaka yake mitatu ya kwanza Duke alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. John Wooden alianza UCLA 1948, taji la kwanza akalipata 1964, kisha yakafuata mengine tisa.

Hoja nyingine ninayoisikia: "Msaidizi wa gwiji ndiye mrithi halali." Wakati mwingine ni kweli. Mwaka 2022 Duke ilimpa Jon Scheyer nafasi ya Krzyzewski, na mwaka huohuo Villanova ikampa Kyle Neptune nafasi ya Jay Wright. Scheyer alikuwa kwenye nne bora 2025. Neptune alifukuzwa mwaka huohuo bila kuonja mashindano ya Machi hata mara moja. Kukaa karibu na gwiji hakukuhamishii akili yake.

Na hii pia: "Aliyevuma Machi yuko tayari kwa chuo kikubwa." Shaheen Holloway aliipeleka Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, mpaka nane bora 2022, akaipiga njiani Kentucky, moja ya timu kubwa za vyuo. Seton Hall ikamchukua. Amewapa kombe la NIT 2024, mashindano ya timu zilizokosa yale makubwa ya Machi, na msimu uliofuata akashinda 7 na kupoteza 25. Wiki mbili za Machi zinakuonyesha timu moja ikiwa kwenye moto. Kama atajenga nyingine, hazikuonyeshi.

Wakiniuliza mimi natazama nini, jibu langu ni lilelile: taimauti, ile dakika mchezo unaposimamishwa kocha aongee na wachezaji wake. Tafuta mechi tatu za kocha huyo za mwezi Februari, wakati wachezaji wamechoka, na tazama dakika ile tu. Wiki hii nilikaa na kijana wangu mmoja kwenye ngazi za uwanja wetu, simu moja kati yetu. Kocha wa kwanza alikuwa anafoka, ubao mdogo wa kuchorea uko mkononi hajaugusa, na wachezaji wawili wanatazama jukwaani. Mpira uliporushwa kutoka nje wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Kocha wa pili alichora mistari minne, akamwelekezea kidole mchezaji mmoja, akamuuliza kitu, akasubiri ajibu. Sekunde nane baadaye mchezaji huyohuyo alikuwa peke yake chini ya goli. Kijana aliniomba turudie mara tatu.

Jambo la mwisho ni la pesa, kwa kuwa kila mgombea sasa anauzwa kwa ahadi zake. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaweza kulipwa kwa jina na sura yao, na tangu msimu wa 2025-26 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. Viza ya F-1 ya mwanafunzi ina masharti yake ya kazi na kipato, na kocha mwenye mdomo mtamu hawezi kuyafuta. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini.

Mzee mmoja wa Mbagala alikuwa na mazungumzo ya video na kocha mpya wa chuo cha mwanawe, mtu mwenye jina. Nilimpa maswali matatu: nani atamfundisha mwanangu kila siku, wangapi kati ya wachezaji wako wa mwanzo walipata shahada, na mabweni yakifungwa Krismasi mtoto atalala wapi? Alinipigia usiku uleule. Mawili ya kwanza kocha aliyazungukazunguka. La Krismasi lilijibiwa na msaidizi wake aliyekaa pembeni, mpaka na jina la familia itakayompokea kijana. Mzee akaniambia, "Kocha, nitafutie namba ya huyo msaidizi."