Goti likikwaruzwa na makoro: osha kabla ya kutafuta dawa

Mtoto wa Goma akianguka, mara nyingi huangukia makoro, yale mawe meusi yenye matundu na ncha kali yaliyotoka volkano ya Nyiragongo. Ngozi haichubuki tu, inabaki na chembe nyeusi ndani. Zisipotolewa mapema, ngozi hufunga juu yake, goti linapona na doa jeusi linabaki. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuosha.

Lakini huwezi kuosha goti la mtoto anayejirusha. Chuchumaa mpaka macho yenu yalingane, mshike, mwache alie kidogo. "Pole papa, umeanguka, goti linauma" inatosha. "Nyamaza, wewe ni mwanaume" humfanya alie zaidi, au afiche kidonda mpaka kioze. Wengine hulichapa jiwe ili mtoto acheke. Mimi sipendi: kesho atatafuta wa kumchapa kila akijikwaa.

Usimwambie kamwe "haitauma". Maji yakigusa nyama atajua umemdanganya, na mara ya pili hatakupa goti. Mwambie itawasha, mtahesabu mpaka kumi, kisha mtapumzika. Ukifika kumi, simama kweli. Wa miaka mitatu au minne mpe kazi: ashike kompresi (kitambaa cha shashi cha kufungia kidonda), apulize polepole kama anapoza uji. Apulize pembeni, si juu ya kidonda, maana mdomo una vijidudu vingi. Anayenyonya, mama amnyonyeshe huku mtu mwingine akiosha.

Nawa mikono kwa sabuni. Kama damu inatoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika tano za saa, bila kuchungulia. Kila ukichungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda. Dakika kumi zikipita na bado inatiririka, nendeni kituo cha afya.

Maji ya kuoshea yawe yale unayoweza kumpa mtoto anywe: yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa klorini kwa kipimo. Yaliyotekwa ziwani na kukaa kwenye bidoni hayafai hivyohivyo. Chukua chupa ya lita moja na nusu, toboa kifuniko matundu matatu kwa sindano iliyopashwa moto, kisha ikamue. Mkondo huo wenye nguvu ndio unaotoa chembe. Kumwagia kwa kikombe kunalowesha tu. Maliza chupa nzima. Sabuni ya kawaida ipite kuzunguka kidonda. Chembe zilizobaki zifute kwa kompresi iliyolowa, kutoka katikati kwenda nje, au zitoe kwa kibanio cha nyusi kilichochemshwa. Isiyotoka kirahisi usiichokonoe, mwachie muuguzi.

Alkoli na maji ya oksijeni huunguza nyama hai na kuchelewesha kupona. Dawa ya meno na majivu ni uchafu mpya. Ule unga wa kapsuli ya antibiotiki unaonyunyizwa sana hapa hugandamana, usaha unajificha chini yake, na unaweza kumletea mtoto mzio. Paka vaselini nyembamba, ukiichota kwa kijiko safi badala ya kidole, weka kompresi na sparadra (plasta ya kunata). Ukiliacha wazi likauke, gaga hupasuka kila goti likikunjwa, na vumbi linaingia. Badilisha kila siku, au mara likilowa. Kompresi iliyonata iloweshe kwanza, la sivyo kilio kinaanza upya.

Kisha tafuta kadi ya chanjo. Penta, yenye kinga ya pepopunda, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama dozi imekosekana, au kadi imepotea, mpeleke kituoni siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo. Mpeleke pia wekundu ukitambaa, usaha ukitoka, homa ikipanda, au maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku mbili.

Na kama aligonga kichwa, akatapika au akawa na usingizi usio wa kawaida, acheni goti, nendeni hospitali.