Mavi ya ng'ombe si sumu, jamani

Jana tena mtu kanitumia voisi: "Bwana shamba, tungule zangu zimeingia wadudu, nshazipiga mavi ya ng'ombe mabichi, mbona hawafi?" Hawafi kwa sababu mavi hayauwi mdudu! Yangekuwa yanaua, nzi wangezaa humo?

Kinachosaidia, pale kinaposaidia, ni harufu. Roweka mavi kwenye pipa, yaache yachache, chuja kwa kitambaa, zimua kwa maji mengi, ukirashia majani basi vidukari na inzi weupe wanababaika kidogo. Wanababaika tu, na mvua ikipiga unaanza upya. Kantangaze, yule nondo mdogo wa kwenye tungule, ndo usahau kabisa, funza wake yumo ndani ya jani anakula zake, hiyo harufu unampelekea nani? Na pipa langu miye natia na majani ya mwarobaini, kwa hiyo ukinibana nikwambie ipi inayofanya kazi ntakwama, ila nashuku ni mwarobaini. Mchicha usiupulizie, unaliwa majani ule, utaumwa tumbo. Majivu ya mavi kwenye kunde za akiba, hapo sina ubishi, yachunge yawe makavu.

Sasa linaloniudhi hasa ni hili la kurundika mavi chini ya mnazi "kufukuza chonga". Nani kaanzisha hili? Huku kwetu ng'ombe tunawafunga minazini, mavi yapo hapo hapo, mtu anayasukuma tu mpaka shinani anaona kamaliza kazi. Chonga, lile dudu jeusi lenye pembe, linatafuta kitu kilichooza litage mayai, na rundo la samadi ndo penyewe. Chimbua rundo lililokaa miezi, utakuta funza weupe wanene kama kidole gumba wamejikunja, kichwa rangi ya kahawia, na watu wanawaona kila siku wanasema "ah, hawa wa mbolea tu, hawali mnazi". Kweli hawali! Wanakula samadi yako, wananenepa, wanageuka, wanaota mbawa, halafu usiku wanaruka juu kwenye kilele wanatoboa kuti changa kabla halijafunguka. Likija kufunguka unaliona limekatwa pembepembe kama kwa mkasi, na hapo chonga keshaondoka zamani. Akirudia mara kwa mara mpaka akafika kwenye moyo, mnazi unakufa, lawama wanapewa waliouza mche.

Mbolea sikatai, minazi inaitaka, lakini ioze kwanza, tena mbali na minazi, na uipindue mara kwa mara kuku wakiwepo, hao funza hawafiki jioni. Ikishaiva itandaze nyembamba, usiirundike. Na lile gogo la mnazi mnalokalia kupiga soga, lipasueni mlichome, wenziwao wamo humo.