Mtoto akikohoa kipindi hiki cha joto, mvue nguo utazame kifua. Kimeo kiacheni

Tangu kaskazi ianze kuvuma, sanduku la maoni lililoko mlangoni kwa wodi yetu limekuwa likijaa karatasi za aina moja. Wazazi wanalalamika kwamba wakileta mtoto aliyekatwa kimeo wanahojiwa "kama wezi". Mmoja ameandika kwa kalamu nyekundu kuwa safari ijayo atabaki na mtoto wake nyumbani. Karatasi hiyo ndiyo iliyofanya kitengo kiniombe mimi daktari niandike haya. Mengi ni msimamo wa kitengo. Penye maoni yangu mwenyewe nitasema.

Mchana wa Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hufika nyuzi 32, hata 33, na usiku haupoi kwa sababu ya unyevu wa bahari. Wengi wanadhani mafua na vikohozi vya watoto ni mambo ya masika na kipupwe tu. Virusi vya mafua havina kalenda hiyo. Mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuugua mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na baadhi ya hizo lazima zitaangukia kwenye joto, hasa baada ya likizo ya Desemba, watoto wanaporudi kutoka kwa bibi zao mikoani na kukaa tena darasa moja. Kwa hiyo kikohozi cha Januari si cha ajabu. Feni haikukileta, wala sakafu, wala koni aliyonunuliwa ufukweni. Nimonia inaletwa na vijidudu. Nimeshalisema hili mara nyingi kiasi kwamba wauguzi wangu wananimaliziaga sentensi.

Kinachotakiwa nyumbani ni kuhesabu pumzi. Mvue mtoto nguo za juu akiwa ametulia, amelala au ananyonya, asiwe analia. Tazama pale kifua kinapokutana na tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu watoto wachanga hupumua haraka, wakatulia, wakaanza tena. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au zaidi kwa dakika, rudia kuhesabu. Ikiwa bado ni 60, mpeleke kituoni saa hiyohiyo. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, mpaka ni 40. Viwango hivi si vyetu, ni vya Shirika la Afya Duniani, na ndivyo anavyovitumia mhudumu wa zahanati ya mtaani kwako.

Kipo kingine cha kutazama hapohapo. Mtoto akivuta pumzi ndani, sehemu ya chini ya mbavu ikaingia ndani badala ya kutoka, hapo kifua kinabonyea. Usisubiri asubuhi. Vilevile akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea asiamke vizuri, midomo ikiwa ya bluu, au akitoa sauti ya kukwaruza kila anapovuta pumzi hali ametulia. Kwa dalili hizi hakuna cha kupitia duka la dawa kwanza.

Katikati ya Januari mama mmoja aliingia chumba changu na mtoto wa miezi minane. Nje palikuwa pakavu, jua la saa nane. Mtoto alikuwa na sweta, kofia ya sufu, soksi, na juu ya hayo amefungwa khanga mbili. Nilihesabu pumzi 58. Tukamvua vyote, akabaki na nepi, mama akamnyonyesha chini ya feni kwa muda. Nikahesabu tena: 43. Kifua hakibonyei, hana homa, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Mafua. Nilimwambia mama hahitaji sindano wala dawa ya kuua vijidudu. Akanitazama, akamtazama mtoto, akasema, "Kwa hiyo daktari huoni kwamba anakohoa?"

Naona, mama. Kikohozi ndicho kinachotoa makohozi. Ninachotafuta mimi ni pumzi.

Na hapa niseme la sindano za masaa, zile za kuchomwa kila baada ya saa kadhaa, kwa sababu nazo zimo kwenye sanduku. Mtoto mwenye pumzi za haraka, ambaye anakunywa na hana dalili za hatari, kwa kawaida hupewa amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, siku tano, na anatibiwa akiwa nyumbani. Sindano ni za mwenye hali mbaya. Muuguzi asiyekupa sindano hajakunyima kitu. Dawa za maji za kikohozi nazo hatuziandiki kwa watoto wadogo, maana hazimsaidii na nyingine zinaweza kumdhuru. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya dunia nzima juu ya dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa Gambia zikiwa na kemikali za sumu, baada ya vifo vya makumi ya watoto. Mtoto aliyetimiza mwaka mpe asali kidogo kwenye maji ya uvuguvugu. Chini ya mwaka, asali hapana, hata ya kuonja. Na chini ya miezi sita, maziwa ya mama peke yake yanatosha, hata kwenye joto hili. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji.

Sasa kimeo.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Husaidiana na kaakaa laini kuziba njia ya pua wakati wa kumeza, ndiyo maana aliyekatwa kupita kiasi huweza kunywa maji yakatokea puani. Koo likiwa na mafua huvimba, na kimeo nacho huvimba, kikaonekana kirefu. Bibi akimfungua mtoto mdomo na tochi ya simu anakiona kweli, hasemi uongo. Anachokosea ni kudhani kilicho mbele ya macho ndicho kinachokohoza. Kikohozi cha mafua huchukua wiki moja, mara nyingi mbili. Mtoto hupelekwa kwa mkata vimeo siku ya saba au ya nane, baada ya dawa za dukani kushindikana. Siku nne baadaye kikohozi kinakwisha, kama ambavyo kingekwisha tu, na mkata vimeo anapata sifa na wateja.

Wale ambao mambo hayakwisha ndio tunaowapokea sisi. Mwezi uliopita bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi miwili, siku ya tatu baada ya kukatwa. Kijichuma cha kukatia kimepinda mfano wa mundu, hicho hicho kinazunguka mtoto hadi mtoto, na kidonda hupakwa unga wa mizizi. Mtoto alikuwa akimeza damu siku zote hizo, kwa hiyo nyumbani hakuna aliyeiona. Walichoona ni choo cheusi. Viganja vilikuwa vyeupe kama karatasi. Pumzi 66, na mapafu safi kabisa. Alikuwa anahema kwa sababu damu imekwisha mwilini. Tulimwongezea damu usiku ule, akapona. Nyama iliyokatwa bibi alikuwa nayo, imefungwa kwenye kipande cha gazeti ndani ya pochi, alipewa kama ushahidi.

Mbali na kutoka damu, kuna kidonda kuoza, kuna pepopunda kwa mtoto ambaye hakukamilisha chanjo, na kuna magonjwa yanayoambukizwa kwa chuma kilichotumika kwa mwingine. Halafu kuna siku zilizopotea: mtoto aliyekuwa na nimonia ya kweli anakatwa, familia inangoja matokeo, na nimonia inaendelea.

Kuhusu sheria, kwa kuwa tunaulizwa kila siku. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumfanyia mtoto vitendo vya kikatili, pamoja na mila inayoumiza mwili au akili yake. Adhabu imo kwenye kifungu kinachofuata: faini inayofika shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inampa kila mwanajamii mwenye taarifa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Watu hutujibu kwamba mkata vimeo wao "ana cheti". Usajili wa waganga unafanywa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002: mganga anaanzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji kwa barua ya utambulisho, anapita kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo maombi yanafika kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Wengi wanaotajwa kwetu hawajapita hata hatua ya kwanza. Na aliyepita, maoni yangu ni kwamba karatasi haigeuzi kumkata mtoto koo kuwa tiba. Usipojua pa kuanzia, namba 116 ni ya bure na inapokea taarifa za watoto. 199 ni ya Wizara ya Afya.

Nirudi nyumbani, maana huko ndiko kuna hewa yenyewe. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Najua hali ilivyo: mtungi wa gesi ni wa chai, maharage yanabaki kwenye mkaa, kwa sababu kujaza mtungi si mchezo. Basi jiko la mkaa libaki nje, lisiingizwe korido likiwa na makaa, na mtoto asifungwe mgongoni mwa anayechochea. Moshi wa dawa ya mbu ya kuchoma ni moshi vilevile; chumba cha mtoto kinahitaji chandarua. Feni washeni, ila ifuteni. Vumbi la mwaka mzima kwenye panga zake linamwagikia kitandani siku ya kwanza ya joto, na mwenye pumu anaanza kubanwa usiku huohuo.

Mwenye pumu, dawa ya kupuliza haipuliziwi mdomoni moja kwa moja kwa mtoto mdogo, inaishia kwenye ulimi. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, iliyo safi na kavu. Toboa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa kipulizio, kiingize kibane vizuri. Tikisa dawa, mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, apumue kawaida mara tano. Halafu tena kama ulivyoandikiwa. Mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji chupa yenye kifuniko cha uso, tutakuonyesha kliniki. Chupa ikioshwa kwa sabuni ya vyombo iachwe ikauke yenyewe, isifutwe kwa kitambaa. Mzazi akisema dawa ya kupuliza "inamzoesha" mtoto, huwa namuuliza kama miwani nayo inazoesha macho.

Mambo mawili ya msimu wa likizo. Karanga, bisi na mbegu za ubuyu si za mtoto wa chini ya miaka mitano. Akipaliwa ghafla akashindwa kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi, kichwa chini, umpige kati ya mabega mara tano; wa chini ya mwaka mgeuze umbonyeze kifua mara tano, aliyezidi mwaka simama nyuma yake umbonyeze juu ya kitovu mara tano, kisha rudia mpaka kitoke. Akizimia, mlaze chali, anza kumfufua kama unajua, na tafuta gari. Usiingize kidole kutafuta usichokiona. Akipaliwa, akatulia, lakini kikohozi kikabaki siku zinazofuata, tuambie kwamba alipaliwa. Karanga inaweza kukaa kwenye bomba la pafu wiki nzima, na kuitoa ni kazi ya hospitali kubwa kama Muhimbili.

La pili ni mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu ya Januari hasomi. Akiyanywa, msimtapishe, msimpe maziwa, mleteni na chupa. Mafuta yakirudi juu ndipo yanapoingia mapafuni.

Kikohozi kinachopita wiki mbili kinahitaji kupimwa kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa. Njoo na kadi ya kliniki. Tunatazama kama alimaliza chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya surua ya miezi 9 na 18.

Sasa nimjibu wa kalamu nyekundu. Mtoto aliyekatwa akifika anatibiwa kwanza, hakuna fomu inayotangulia damu wala hewa. Hali ikishatulia, muuguzi anajaza maelezo na afisa ustawi wa jamii anazungumza na aliyemleta. Anachotafuta ni mahali alipo mkataji, kwa sababu siku hiyohiyo huenda kuna watoto wengine kwenye foleni yake. Lugha ya ukali iliyotumika kwa baadhi yenu tumeizungumza kwenye kikao cha wodi, na mimi nilikuwa mmoja wa walioonywa. Ukifika mapokezi sema mambo matatu, kwa sauti ya kawaida: amekatwa siku gani, amepakwa nini, na choo chake cha mwisho kilikuwa na rangi gani.