Bunduki za Marekani: hiyo namba uliyotumiwa inahesabu nini? Dhana potofu na ukweli

Ukigusa ishu ya bunduki Marekani kwenye grupu lolote dakika tano haziishi skrinshoti zimejaa, huyu analeta milioni 50, yule milioni 3, na kila mtu anamwita mwenzake muongo.

DHANA: NRA (chama kikubwa cha kutetea bunduki Marekani) inatumia dola milioni 50 kwa lobi, anayesema milioni 3 kahongwa.

UKWELI: Zote mbili zipo, ila hazihesabu kitu kimoja. Mwaka 2016 NRA ilimwaga zaidi ya milioni 50 kwenye uchaguzi, yaani matangazo ya kumpigia debe Trump na wagombea useneta na kuwaponda wapinzani wao. Ile milioni 3 na kidogo ya mwaka huohuo ndo lobi yenyewe, gharama za kwenda kuwashawishi wabunge, ambazo sheria inataka ziripotiwe kila miezi mitatu na ripoti ziko wazi mtu yeyote anasoma. Kwa hiyo anayekurushia namba bila kukwambia ni ya nini, mshuku, hata kama namba yenyewe haina kosa.

DHANA: Wanaopinga bunduki hawana sababu ya kudanganya.

UKWELI: Hapa ndo wengi tunaliwa. Februari 2018, baada ya mauaji ya risasi kwenye shule moja ya Parkland, Florida, Everytown (kundi linalodai udhibiti wa bunduki, linalofadhiliwa na bilionea Michael Bloomberg) lilisambaza kwamba mwaka ule tayari kumetokea matukio 18 ya risasi mashuleni. Gazeti la Washington Post walipoifungua ile hesabu wakakuta ndani yake kuna mtu mzima aliyejiua kwenye pakingi ya shule huko Michigan, na shule yenyewe ilishafungwa miezi kibao, haina mwanafunzi hata mmoja! Sasa mi sidhani pesa za Bloomberg ndo shida hapo, shida ni kwamba kwao risasi yoyote ikilia eneo la shule inahesabika, na msomaji anayesikia "shule" anawaza watoto darasani.

Upande wa pili, wanaotetea bunduki, nao hawako salama. Ile ya "Wamarekani milioni 2.5 kila mwaka hujilinda kwa bunduki" ilitoka kwenye simu walizopigiwa watu kama 5,000 hivi mwaka 1993, halafu wale wachache waliosema ndiyo wakazidishwa kwa nchi nzima, na ukikosea watu wachache tu hapo unapata mamilioni hewa. Utafiti wa serikali kuhusu wahanga wa uhalifu, unaohoji watu wengi zaidi, hutoa laki moja hivi au pungufu.

DHANA: Sheria ya 1996 ilipiga marufuku utafiti wa bunduki.

UKWELI: Ilikataza CDC (taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) kutumia hela kupigia debe udhibiti wa bunduki, basi. Ila bajeti ilikatwa na watafiti wakaogopa, mpaka Bunge lilipotenga dola milioni 25 za utafiti huo kwa mwaka wa fedha 2020.

DHANA: Msomi mwenye mashabiki wengi mtandaoni ni wa kuaminika.

UKWELI: John Lott, mchumi anayesema bunduki nyingi hupunguza uhalifu, alikuwa na mtetezi mkali sana mtandaoni, Mary Rosh, eti mwanafunzi wake wa zamani. Mwaka 2003 Lott akakiri Mary ni yeye mwenyewe. Hiyo peke yake haifuti takwimu zake, ndo maana waliziangalia zenyewe: mwaka 2004 jopo la wataalamu wa National Research Council, baraza la utafiti la Marekani, likasema ushahidi uliopo hautoshi kusema sheria za kuruhusu watu kubeba bunduki zinapunguza uhalifu wala zinaongeza. Hiyo skrinshoti hakuna anayekutumia.