Magari ya misuli ya Kimarekani: yapi yatashika bei?

Dhana: Ukishakuwa na gari la misuli, yaani gari la Kimarekani la miaka ya 60 lenye injini kubwa ya V8 (silinda nane), tayari una mali.

Ukweli: Ford Mustang za mwaka 1966 peke yake zilitengenezwa zaidi ya laki sita, na gari hilo lilikuwa limezinduliwa Aprili 1964 tu. Gari lililotoka kwa wingi namna hiyo, tena ambalo spea zake karibu zote bado zinatengenezwa, litaadimika lini? Ni gari zuri, nalipenda sana, lakini bei yake itabaki ya gari la kutembelea Jumapili. Sasa chukua Shelby GT350 ya 1965, ambayo kwa mbali utadhani ni Mustang ileile. Zilitoka 562. Hizo ndizo wakusanyaji wanazogombea.

Dhana: Yaliyo ghali leo ndiyo yaliyogombewa yalipokuwa mapya.

Ukweli: Mara nyingi ni kinyume chake. Mwaka 1969 Chevrolet ilitoa Camaro 69 zenye injini ya ZL1, ya inchi za ujazo 427, bloku yote ya aluminiamu. Injini hiyo iliongeza zaidi ya dola 4,000 kwenye bei, gari zima likapita dola 7,000, pesa ambazo kijana wa kawaida hakuwa nazo. Fred Gibb, muuza magari wa Illinois, aliagiza 50 zikamdodea. Plymouth Superbird ya 1970, ile yenye pua iliyochongoka na bawa refu nyuma, ilikaa kwenye yadi mpaka baadhi ya wauzaji wakang'oa pua na bawa ili ipate mteja. Kufikia 1971 bima ya magari ya nguvu ilikuwa imepanda vibaya, na Plymouth 'Cuda ya paa la kukunja yenye injini kubwa ya Hemi, ya inchi za ujazo 426, ikaagizwa na watu 11 tu. Mojawapo iliuzwa mnadani Seattle mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Nikiulizwa yapi yatashika bei kizazi kijacho, naanzia hapa: yale ambayo watu walipita dukani wakayaacha.

Dhana: Namba ya chasisi inakuambia kila kitu.

Ukweli: Inategemea nani alilitengeneza, na hapa ndipo watu wanapoumizwa. Kwa Dodge na Plymouth za 1970 na 1971, alama inayokaa nafasi ya tano kwenye namba ya chasisi ni herufi ya injini. Ukikuta R, gari lilitoka kiwandani na Hemi 426. Pontiac GTO za 1964 na 1965 ziliuzwa kama LeMans iliyoongezewa vifaa, kwa hiyo namba haizitofautishi na LeMans ya kawaida. Bahati nzuri kumbukumbu za Pontiac zimehifadhiwa, unalipia nakala na unaiona oda ya gari lako. Ford nazo, kuanzia za mwaka 1967, kuna ripoti ya Marti, inayotolewa kutoka kumbukumbu za kiwanda. Chevrolet ndiyo yenye shida. Namba ya Chevelle ya 1970 inasema ni V8, basi. Haisemi kama ni V8 ndogo ya baba mwenye familia au ni LS6, injini ya inchi za ujazo 454 yenye nguvu za farasi 450. Mtu akipachika beji za SS (Super Sport, toleo la nguvu la Chevelle), akachora mistari kwenye boneti na kutafuta injini kubwa, kwa macho hutajua.

Binamu yangu wa Houston alinipigia simu ya video akiwa amesimama mbele ya Chevelle kama hiyo, muuzaji akiapa kwamba injini ni ya kuzaliwa nayo. Nikamwambia, "Kaka, nenda upande wa abiria, mbele ya silinda hedi. Kuna kipande cha chuma bapa, kifute grisi." Akafuta kwa kitambaa, namba zikaonekana, na zikaoana na za gari. Akaanza kucheka kwa furaha. Nikamwomba alaze tochi ubavuni, mwanga upite juu ya chuma. Mashine ya kiwandani huacha pale mistari myembamba sambamba, kama mchanga uliopitishwa kitana. Pale palikuwa laini kama sahani. Mtu alikuwa amesaga namba za zamani akagonga mpya. Huenda kweli bloku ilisawazishwa wakati wa matengenezo ya halali, lakini namba mpya zenye kuoana kikamilifu juu ya chuma kilichosagwa? Binamu akaaga akaondoka. Tofauti ya bei aliyokuwa anaombwa ilikuwa yote imekaa juu ya kile kipande cha chuma.

Dhana: Lililong'arishwa upya lina thamani kuliko lililochakaa.

Ukweli: Mustang ya kijani aliyoendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya mwaka 1968 ilinunuliwa 1974 kwa dola 6,000, ikatumiwa na familia kama gari la nyumbani, kisha ikawekwa miaka mingi. Januari 2020 ilipigwa mnada Kissimmee, Florida, ikiwa na rangi iliyofifia na kutu yake, ikafika dola milioni 3.74 pamoja na ada. Ndiyo, jina la McQueen lilibeba sehemu kubwa. Lakini lingepakwa rangi mpya, tundu za boliti zilizotobolewa kufunga kamera zikazibwa, ushahidi wenyewe ungepotea.

Dhana: Bei hupanda tu.

Ukweli: Waliolipa bei za 2006 kwa magari ya Hemi waliziona zikiporomoka baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Wengine walingoja miaka.

Dhana: Lazima liwe la miaka ya 60.

Ukweli: Buick GNX ya 1987 ni nyeusi, ina V6 yenye tabo, na zilitoka 547. Waliokuwa vijana enzi hizo sasa wana pesa zao, na wanaitafuta. Mimi ningeichagua kabla ya Dodge Challenger ya V8 ndogo iliyopambwa ifanane na ya Hemi.

Dhana: Gari lisilo na injini yake ya asili halifai kununuliwa.

Ukweli: Linafaa sana, kwa bei yake. Binamu mwishowe alichukua Chevelle Malibu ya 1970, injini ya 350 iliyotoka gari jingine, na muuzaji alimwambia hivyo kabla hajauliza. Hakuna beji ya SS popote. Kila Jumamosi analiwasha asubuhi, analiacha lipashe moto, majirani wanatoka nje kulisikiliza.