Swichi nyekundu ya jikoni: watu wanavyosema na ukweli ulivyo

Karibu kila flati niliyowahi kupanga Dar es Salaam ilikuwa na swichi kubwa nyekundu kwenye ukuta wa jikoni, na pembeni yake tundu moja la kawaida la pini tatu. Mafundi wanaiita kuka yuniti. Iliwekwa kwa ajili ya jiko la umeme lenye oveni, lakini wapangaji wengi tunapikia gesi, kwa hiyo inakaa tu. Siku mtu akinunua mashine ya kufulia au kiyoyozi ndipo anaikumbuka, na majirani nao wanakuja na ushauri. Baadhi ya ushauri huo unaunguza nyumba.

Wa kwanza ni huu: "Ile ina umeme mkubwa." Hapana. Volti zake ni zilezile 230 za soketi ya sebuleni. Kilichozidi ni unene wa waya. Unaoingia pale kwa kawaida ni wa milimita za mraba 6 na una breka yake peke yake, mara nyingi ya ampia 32, kwa hiyo unaweza kubeba wati 7,000 hivi. Soketi za kawaida hugawana waya wa 2.5.

Mkanganyiko mwingine unatoka kwa ndugu zetu walioko Marekani. Kule soketi za kawaida ni volti 120, na ya mashine ya kukaushia nguo ni 240, kwa hiyo wao kweli wana soketi ya volti kubwa. Mpangaji mwenye gari la umeme anaweza kuigawa kati ya kikaushio na chaja kwa kifaa kinachoruhusu kimoja tu kifanye kazi kwa wakati. Ni ushauri mzuri kwao, ila kifaa hicho hakina mahali kwenye kuta zetu.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni hii: "Breka ni ya 32, basi ekstensheni yangu iko salama."

Nilipohamia hapa nilimkuta fundi wa mtaani kishafanya kazi yake kwa mpangaji aliyenitangulia. Alifungua ile swichi, akafunga waya mwembamba moja kwa moja kwa nyuma, akaupitisha nyuma ya kabati hadi kwenye ekstensheni ya matundu manne. Sikujua. Jumamosi moja mashine inafua kwa maji ya moto, birika linachemka, nikasikia harufu kama ya samaki aliyeanza kuharibika. Nikatafuta kwenye friji, nikatafuta kwenye ndoo ya taka. Kumbe ni plastiki ya ekstensheni inapata moto. Nilipozima na kuchomoa plagi ya birika, pini moja ilikuwa ya kahawia, na plastiki inayoizunguka imelainika kama mshumaa uliokaa juani. Breka haikushuka hata mara moja.

Na haikuwa mbovu. Kazi ya breka ni kulinda waya uliomo ukutani. Waya wa ekstensheni ya bei rahisi, wa milimita za mraba 0.75, unafaa kwa ampia 6 hivi. Ukiubebesha 18 utachemka mpaka uyeyuke, huku breka ya 32 ikiona kila kitu ni shwari. Ndiyo maana plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake: hiyo ndiyo inayoulinda waya unaotoka kwenye plagi. Yule fundi, kwa kufunga waya nyuma ya swichi, aliiondoa kabisa njiani.

Hata fyuzi yenyewe ina uvumilivu wake. Chukua birika la wati 2,200 na jiko la sahani mbili la wati 2,000 kwenye ekstensheni moja. Jumla ni 4,200, gawanya kwa 230, unapata ampia 18. Fyuzi ya 13 inaweza kuvumilia mzigo huo kwa muda mrefu bila kukatika. Na ampia zikiongezeka mara mbili, joto kwenye waya linaongezeka mara nne.

"Soketi ina matundu mawili, kwa hiyo 13 na 13." Soketi pacha za kiwango cha Uingereza tunazotumia hupimwa kwa ampia 20 kwa jumla, si 26. Birika upande huu na pasi upande ule kwa dakika chache, sawa. Mizigo miwili mizito kwa saa nzima, hapana.

"Breka inashukashuka, weka kubwa zaidi." Nakuomba usifanye hivyo. Ukitoa ya 20 ukaweka ya 40 kwenye waya wa 2.5, kitakachokuja kuungua ni waya wenyewe, nao umo ndani ya plasta usikouona.

Halafu kuna kile kijiti. Friji na mashine nyingi za mtumba kutoka Ulaya huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na watu huchokonoa tundu la juu kwa kijiti au kalamu ili zipite. Zikishapita hazishiki sawasawa, kwa hiyo zinapata moto. Kibaya zaidi, ethi ya plagi hiyo (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) iko pembeni na haigusi chochote kwenye soketi zetu. Waya ukichubuka ndani ya mashine, bodi la chuma linabeba umeme, na wewe mikono imelowa. Badilisha plagi, weka ya pini tatu yenye fyuzi.

"Nyumba si yangu, siwezi kugusa ukuta." Kweli, usiguse, lakini kusema unaweza. Mimi nilimpigia mwenye nyumba picha ya ile pini ya kahawia, akakubali. Fundi mwenye leseni ya EWURA (kwa Kenya ni EPRA) akatoa ule waya mwembamba, akaweka soketi ya mashine kwenye waya uleule mnene wa jiko, na kinga ya miliampia 30 inayokata umeme ukianza kuvujia mwilini mwa mtu. Plagi ya mashine ina fyuzi yake, ya birika ina yake, na ekstensheni imeondoka jikoni.

Kama bado unasubiri fundi, chomeka kifaa kimoja tu kizito kwa wakati, moja kwa moja ukutani. Baada ya dakika 20 gusa plagi kwa mkono mkavu. Uvuguvugu si neno. Ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishika, zima swichi kwanza, ndipo uchomoe.