Sikio kutojua besi inatoka wapi si ruhusa ya kuweka sabufa popote

Juma lililopita niliitwa Ujiji, hapa Kigoma, kutazama sabufa, yaani spika ya sauti nzito za besi, na kabla sijafungua begi la vifaa, mwenye nyumba aliniambia maneno niliyokwisha kuyasikia Mwanga, Gungu na Kibirizi: "Fundi, besi haina mwelekeo, kwa hiyo sabufa inakaa popote. Hii imechoka tu, nitafutie ya inchi 12."

Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana kosa lenyewe halifi. Chini ya hezi 80 hivi, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, wimbi la sauti lina urefu unaozidi mita 4, ilhali masikio yetu yametenganishwa na upana wa kichwa tu. Wimbi huyafikia yote mawili likiwa karibu sawasawa, na ubongo hukosa cha kulinganisha. Lakini kutojua besi inatoka upande gani ni jambo moja, na kiasi cha besi kinachokufikia ulipoketi ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili huamuliwa na kuta, na inaniuma kuona watu wakitoa fedha kwa sababu ya kuyachanganya.

Sebule ile ina urefu wa mita 4.3. Besi hugonga ukuta wa mbele na wa nyuma, hurudi na kukutana na yenyewe, na pale nusu ya wimbi inapolingana na urefu wa chumba, sauti hujaa kwenye kuta zote mbili na kufifia katikati. Katika joto letu la Kigoma sauti husafiri mita 345 hivi kwa sekunde. Gawanya kwa 8.6, yaani mara mbili ya urefu wa chumba, utapata hezi 40. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi lenye nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Kochi la mzee lilikuwa katikati kabisa, mahali hasa ambapo noti hiyo hufa, huku mkewe, aliyesimama mlangoni pa jikoni kwenye ukuta wa nyuma, akiuliza: "Haina nguvu vipi, na vikombe vyangu vinatetemeka kabatini?"

Nilimwomba mzee ainuke na arudi nyuma polepole huku wimbo ukiendelea. Hatua ya kwanza hakusema kitu. Ya pili alisimama, akageuka kuitazama sabufa, akauliza nani ameongeza sauti. Hakuna aliyeigusa. Ile ya inchi 12 ingezidi kutikisa vikombe, na kochini pengo lingebaki pale pale.

Kona nitaitaja kwa ufupi. Kwa hesabu, sakafu na kila ukuta ulio karibu na sabufa huweza kuongeza besi hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini kona huamsha pia kila mvumo wa chumba, yaani kila noti inayojaa kwa kurudirudi kati ya kuta, na noti moja humeza nyingine. Trei za mayai ukutani hazinyonyi besi. Sentimita chache haziwezi kulizuia wimbi la mita 8.6.

Ukiisha kuliondoa kochi katikati, ipandishe sabufa juu yake, piga wimbo ambao gitaa la besi linapita noti nyingi, kisha inama karibu na sakafu utembee kandokando ya kuta. Noti zinaposikika kwa uzito unaokaribiana, hapo ndipo pa kuiweka, kwa kuwa chumba huipokea sauti kati ya sehemu mbili namna ile ile, itoke huku au kule.

Hata hivyo, hesabu zangu huchukulia chumba kuwa sanduku lililofungwa lenye kuta ngumu. Matofali yetu ya kuchoma yanakaribia hivyo, lakini dari ya jipsamu hutetemeka na mlango wa ukumbini huwa wazi mchana kutwa. Zaidi ya mara moja nimeukuta mvumo hezi kadhaa mbali na nilipoutarajia, kwa hiyo hesabu hunipa pa kuanzia, na uamuzi huuacha kwa masikio. Kwa mzee tulirudisha kochi nyuma sentimita 90, tukasikiliza mlango ukiwa umefungwa, kisha ukiwa wazi, na sabufa ikahama tena kidogo. Alama ya chaki niliyoiacha sakafuni ni ya mlango wazi, kwa sababu ndivyo wanavyoishi.